Feni inazunguka asubuhi, injini inachemsha mchana: kisa cha Corolla 110

Gari ni Toyota Corolla 110, injini ya 5A yenye ujazo wa lita moja na nusu, gia za mkono. Mwenye nalo ni mzee mstaafu anayeishi Kibaha, hushuka Kariakoo kufuata mzigo wa duka lake. Malalamiko yake yalikuwa mafupi na yamenyooka. Kutoka Kibaha hadi Mbezi mshale wa joto unatulia chini kidogo ya nusu. Akiingia foleni ya Kimara kuelekea Ubungo, mshale unaanza kupanda, na jua likiwa kali inambidi aegeshe pembeni kabla maji hayajaanza kumwagika kutoka tangi la akiba. Akipumzika kama nusu saa, akawasha tena, gari linakwenda hadi foleni nyingine.

Kabla halijafika kwangu lilikuwa limepita mikono mingi. Rejeta ilitolewa ikazibuliwa. Mfuniko wa rejeta ukawekwa mpya. Pampu ya maji ikawekwa mpya. Themostati, ile vali inayozuia maji kwenda rejeta mpaka injini ipate joto, ikang'olewa, wala haikuwekwa nyingine. Mota ya feni ikabadilishwa kwa nyingine ya mtumba. Fundi wa mwisho alimwambia gasketi ya silinda hedi, inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, imekwenda, kwa hiyo injini ifunguliwe, hedi ipelekwe kuchongwa. Mzee akaziangalia hesabu za kazi hiyo, akaona kwanza apate neno la mtu wa umeme.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kila aliyelishika gari lile aliitazama feni, akaiona inazunguka, akaiondoa kwenye orodha ya watuhumiwa. Feni ndiyo iliyokuwa na kosa, tena makosa mawili, moja limejificha nyuma ya jingine.

Swali langu la kwanza kwa mzee lilikuwa: linachemsha likiwa kwenye mwendo au likiwa limesimama? Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa au zaidi linapokea upepo wa kutosha kupitia grili. Feni hapo haina kazi kubwa. Likisimama, upepo wote unategemea feni. Ndiyo maana gari lililoziba rejeta, au lililopasuka gasketi, kwa kawaida hulalamika zaidi barabara kuu, kwenye mlima wa Kitonga au likiwa na mzigo, wakati gari lenye tatizo la feni hulalamika foleni. Haya si sheria ya msumari, maana matatizo huchanganyika, lakini jibu la mzee lilinipa mahali pa kuanzia: foleni tu, barabarani hata siku moja.

Lile la gasketi nililimaliza mapema ili lisinisumbue. Injini ikiwa baridi nilifungua mfuniko, nikawasha, nikatazama kama kuna mapovu yanayotoka mfululizo. Hakuna. Nikatumia ile dawa ya bluu inayonusishwa hewa ya juu ya maji ya rejeta. Gesi ya moshi ikiwa imevuja kuingia kwenye maji, dawa hugeuka njano. Ikabaki bluu. Moshi mweupe hakuna, maji kwenye oili hakuna. Mtu anayemwambia mzee mstaafu afungue injini bila kufanya hata vipimo hivi viwili anamwingiza kwenye gharama kubwa kwa kubahatisha, na jambo hili linaniuma kila ninapokutana nalo.

Nilipotaja feni, mzee akatabasamu. "Kijana wangu, feni ni nzima kabisa. Njoo uione." Gari lilikuwa limelala kwangu usiku, injini baridi. Akaingia, akazungusha ufunguo hatua moja, hata kuwasha hajawasha. Feni ikaanza kuzunguka.

"Huwa inafanya hivi kila asubuhi, mzee?"

"Kila asubuhi. Ndiyo maana nakwambia ni nzima."

Hapo ndipo kesi ilipofunguka. Feni ya rejeta kwenye gari hili haina sababu ya kuzunguka injini ikiwa baridi. Injini baridi inatakiwa ipate joto haraka, si ipulizwe. Feni inayozunguka asubuhi ufunguo ukiguswa tu imepewa amri isiyo yake, na swali linakuwa: nani anaitoa amri hiyo?

Kulijibu, lazima mtu aelewe jinsi Toyota walivyopanga umeme wa feni kwenye magari ya kizazi hiki, maana wameupanga kinyume na vile wengi wetu tulivyozoea. Corolla 110 ilianza kutoka Japani mwaka 1995. Kwenye injini hizi feni haiendeshwi na kompyuta. Inaendeshwa na swichi ya joto iliyokaa upande wa maji yanayorudi kutoka rejeta kuingia injini, pamoja na relei moja, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Watu wengi hudhani kwamba maji yakipata moto swichi inafunga, yaani inaunganisha njia ya umeme, relei inavuta, feni inazunguka. Sivyo. Swichi hii imefunga maji yakiwa baridi, na inafungua, yaani inakata umeme, yakipita karibu digrii 93. Yakishuka karibu digrii 83 inafunga tena. Relei nayo imegeuzwa: koili yake, ule waya wa sumaku, ikipata umeme, kontakti zinazopitisha umeme wa feni zinaachana na feni inasimama; koili ikikosa umeme, springi inazirudisha pamoja na feni inazunguka.

Kwa hiyo injini ikiwa baridi, swichi imefunga, koili ina umeme, feni imetulia. Maji yakifika digrii 93, swichi inafungua, koili inaachia, feni inapiga kazi. Sababu ya kupindua mambo hivi ni usalama, na mimi naiheshimu sana akili iliyofikiria hivyo. Waya wa swichi ukikatika, plagi ikichomoka, au swichi ikifa kwa kufunguka, feni itazunguka muda wote. Utapoteza mafuta kidogo na injini itachelewa kupata joto, lakini haitaungua. Ukiharibika upande huu wa mfumo, unaharibika kwa kuelekea usalama.

Kipimo kinachofuata kinatokana na mpango huo moja kwa moja, na hakihitaji kifaa chochote. Ufunguo ukiwa umewashwa na injini baridi, chomoa plagi ya swichi ya joto. Kwenye Corolla iliyo sawa, feni lazima ianze kuzunguka. Unganisha plagi tena, feni lazima isimame. Kabla ya kufanya hivyo toa mikono, vitambaa na nguo zinazoning'inia karibu na mapanga ya feni, kwa sababu itaanza ghafla.

Nikaichomoa. Feni iliyokuwa inazunguka ikasimama. Nikairudisha, ikazunguka. Kinyume kabisa.

Sasa fikiria siku nzima ya mzee. Asubuhi ufunguo ukizungushwa, feni inazunguka. Safari ya kutoka Kibaha, feni inazunguka bila kuhitajika, maji hayafiki digrii 93. Foleni ya Kimara, maji yanapanda taratibu, yanafika 93, swichi inafungua, na hapo hapo, saa ileile injini inapohitaji upepo, feni inasimama. Joto linakimbia. Mzee anaegesha, anazima, anafungua boneti. Baada ya nusu saa maji yamepoa chini ya 83, swichi imefunga, anazungusha ufunguo: feni inazunguka. Fundi wa pembeni ya barabara anayekuja kutazama anaiona kwa macho yake. Anasema feni nzima, tatizo ni rejeta. Kesho yake ni pampu. Keshokutwa ni gasketi. Kila mmoja alitazama feni, na kila mmoja aliitazama wakati maji yamepoa.

Hata jambo jingine ambalo mzee hakulihusisha na joto likapata maelezo. Alisema mafuta yanakwenda kuliko zamani. Injini isiyo na themostati, yenye feni inayopuliza tangu alfajiri, inachukua muda mrefu kupata joto lake, na kompyuta ya injini huendelea kuiongezea petroli ikidhani bado ni baridi, ambavyo ni kweli.

Nikafuata waya kutoka kwenye mota kurudi nyuma. Sanduku la fyuzi na relei lipo pembeni ya betri, na mahali pa relei ya feni palikuwa pameyeyuka: plastiki imekauka kahawia, pini zimelegea. Hilo ni jambo la kawaida kwa gari la umri huu. Mota ya zamani ikichoka bushi inazidi kuwa nzito, inavuta umeme mwingi, pini zinapata moto, springi zake zinalegea, upinzani unaongezeka, zinapata moto zaidi. Aliyekuwepo kabla yangu aliona soketi imeungua, akaiacha, akafunga relei ya kununua dukani yenye pini tano, akaining'iniza karibu na betri na kuizungushia tepu.

Relei hizo wengi wanazifahamu. Pini 85 na 86 ni za koili. Pini 30 ndipo umeme unapoingia. Pini 87 inapata umeme koili ikivuta, na 87a inapata umeme koili ikiwa imelala. Aliyeifunga alipeleka waya wa feni kwenye 87, kama tunavyofanya tukifunga honi au taa za ukungu. Kwa gari lingine lolote lenye swichi inayofunga ikipata joto, kazi yake ingekuwa sahihi. Kwa Corolla hii, pini moja imegeuza mfumo wa usalama ukawa mfumo wa kuchemsha. Nina hakika aliijaribu kabla ya kumkabidhi mzee gari, na nina hakika feni ilizunguka, kwa sababu injini ilikuwa baridi.

Mtu angeweza kusema: basi hamisha waya kutoka 87 kwenda 87a, umemaliza. Hapana, na hapa pana mtego ambao nimeona umeua betri za watu. Yule fundi alichukua umeme wa pini 30 moja kwa moja kutoka kwenye nguzo ya betri, kupitia fyuzi ya waya. Kwa pini 87 haikuwa na madhara, maana koili haivuti mpaka ufunguo uwashwe. Lakini ukihamia 87a, ufunguo ukizimwa koili inakosa umeme, kontakti zinakutana, na umeme wa betri upo palepale pini 30. Feni itazunguka usiku kucha, asubuhi betri haina kitu. Toyota waliliepuka hilo kwa kuilisha feni kupitia relei kuu ya injini, ambayo inakata ufunguo ukizimwa. Kwa hiyo nilirudisha mlisho wa asili: waya mnene unaotoka kwenye fyuzi ya feni ya ampea 30 baada ya relei kuu, si ule wa kwenye betri.

Kulikuwa na njia mbili za kumaliza. Ya kwanza ni kutumia relei ileile ya pini tano kwa pini ya 87a. Inafanya kazi, lakini ukisoma maandishi ya juu ya relei hizo utaona mara nyingi upande wa 87a umepewa uwezo mdogo kuliko upande wa 87, kwa mfano ampea 40 upande mmoja na 30 upande wa pili. Sababu ni kwamba upande wa 87 unabanwa na nguvu ya sumaku ya koili, upande wa 87a unabanwa na springi peke yake. Feni hii inavuta karibu ampea 7 ikiwa imeshika kasi, na mara kadhaa zaidi ya hapo kwa kitambo kifupi inapoanza, kwa hiyo relei nzuri ingevumilia. Njia ya pili ni kutafuta soketi nzima na relei ya asili kutoka kwenye gari linalouzwa vipande. Nikampeleka kijana wangu Ilala kwenye maduka ya spea za mtumba, akarudi na kipande cha sanduku chenye soketi nzima na relei yake. Nikachukua njia ya pili. Fundi atakayekuja baada yangu akifungua kitabu au akilinganisha na Corolla nyingine atakuta kitu kilekile, hatalazimika kukisia mawazo yangu.

Relei ya mtumba niliipima kabla ya kuifunga. Bila umeme kwenye koili, kati ya pini za kontakti mita ilisoma karibu sifuri. Nikapeleka volti 12 kwenye koili, ikagonga, kontakti zikafunguka. Swichi ya joto nayo niliitoa, nikaiweka kwenye sufuria ya maji juu ya jiko pamoja na kipimajoto, nyaya za mita zimeshikwa kwenye pini na mwili wake. Swichi ikafungua maji yakiwa digrii 92 hivi, na maji yalipopoa ikafunga karibu 84. Hiyo ni nzima. Hakuna sababu ya kuibadilisha. Angalizo kwa anayefanya haya kwa mara ya kwanza: gari hili lina vipokea joto vitatu, kimoja cha mshale wa dashibodi, kimoja cha kompyuta, na hiki cha feni. Nimewahi kuona watu wakibadilisha cha mshale wakitegemea feni ipone.

Baada ya relei kukaa mahali pake nikarudia kipimo cha plagi. Ufunguo umewashwa, feni kimya. Chomoa plagi, feni ikazunguka. Rudisha, ikasimama. Mzee akashika funguo zake.

Lakini sikio langu halikuridhika. Feni ilizunguka, ila sauti yake ilikuwa ya chini, haina ule mvumo wa Corolla inaposimama foleni na feni ikaingia. Karatasi niliyoiweka mbele ya rejeta ilivutwa ikashikamana, lakini kwa uvivu. Ningeweza kumwacha mzee aende. Kwa hali ya hewa ya Julai huenda asingeona tatizo. Februari lingerudi.

Hapa ndipo penye sehemu ninayotaka mafundi vijana waisome polepole. Mota hii ilikuwa na umeme. Taa ya kupimia ingewaka vizuri tu. Ukichomoa plagi ya mota na kuweka mita kwenye plagi tupu, ungesoma volti za betri zote. Vipimo hivyo viwili vinakudanganya kwa sababu moja: taa ndogo na mita havivuti umeme wa maana. Upinzani mdogo kwenye waya hauonekani mpaka ampea nyingi zipite. Ni lazima upime feni ikiwa inafanya kazi, plagi imeunganishwa, nyaya za mita zimepenyezwa kwa nyuma ya plagi.

Niliwasha injini, nikaacha plagi ya swichi ya joto ikiwa imechomolewa ili feni izunguke muda wote, kisha nikapima mahali patatu. Kwenye nguzo za betri: volti 14.0. Kwenye waya mbili za mota, feni ikizunguka: volti 10.9. Volti 3.1 zimepotea njiani, na mimi nataka kujua zimepotelea upande gani. Nikaweka mkono mmoja wa mita kwenye nguzo ya moto ya betri na mwingine kwenye waya wa moto wa mota: 0.3. Kwa njia inayopita fyuzi, relei mbili na waya mrefu, hiyo naikubali. Kisha nguzo ya ethi (hasi) ya betri na waya wa ethi wa mota: 2.8. Upande wa ethi unaotakiwa kupoteza sehemu ya kumi ya volti, au mbili kwa gari kuukuu, unameza volti karibu tatu.

Mota ilikuwa inavuta ampea 5.5 kwa wakati huo. Gawanya 2.8 kwa 5.5 unapata nusu ohmu. Nusu ohmu tu. Ukiweka mita kwenye mlio wa kutafuta waya uliokatika, italia kwa furaha, maana mita nyingi hulia hata upinzani ukiwa ohmu 20 au 30. Ndiyo sababu fundi anayetegemea mlio atasema ethi ni nzima. Zidisha 2.8 kwa 5.5, ni wati 15 zinazogeuka joto kwenye kiungo kimoja kidogo. Nilifuata waya wa ethi kutoka mota hadi kwenye bati la mbele, nikagusa boliti yake kwa kidole. Ilikuwa ya moto.

Historia ikajieleza yenyewe. Gari liligongwa mbele miaka ya nyuma, bati linaloshika rejeta likabadilishwa na kupigwa rangi, na ethi ya feni ikafungwa juu ya rangi mpya. Umeme ulikuwa unapita kwenye nyuzi za boliti peke yake, na unyevu wa mvua ulipoingia, kutu ikamaliza hata hiyo njia nyembamba. Kwa ajali ileile AC iliondolewa, kwa hiyo sikuwa na habari ya feni ya pili. Lakini kwa mwenye Corolla ya kipindi hiki yenye AC, ajue kwamba AC ikiwashwa wakati injini haijapata joto kali, nyingi huunganisha feni zote mbili mfululizo, zikagawana volti na kuzunguka polepole. Huo ni mpango, si ugonjwa. Pima kasi ya feni ukiwa umezima AC.

Niliondoa boliti, nikakwangua rangi na kutu hadi bati likang'aa, nikakata kile kichwa cha waya kilichooza na kubana kipya, kisha nikaufunga na kupaka grisi juu yake baada ya kufunga, si kabla. Nikapima tena. Mota: volti 13.5. Ethi: 0.1. Ampea zilipanda kufikia 7. Sauti ilibadilika pale pale. Mzee aliyekuwa amekaa kwenye benchi akainua kichwa bila kuambiwa.

Volti 10.9 na volti 13.5 kwa masikio ya mtu ni feni inayozunguka, zote mbili. Kwa rejeta si sawa hata kidogo. Kasi ikipungua, upepo unapungua nayo, na kwenye foleni ya saa nane mchana, lami ikiwa inarudisha joto chini ya gari, ile tofauti ndiyo inayoamua mshale utulie au upande.

Nilikataa kumrudishia gari bila themostati. Kwenye injini za jamii hii themostati ina vali ya pili kwa chini, inayoziba njia ya mkato ya maji pale injini inapopata joto. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Kwa hiyo kung'oa themostati kwenye gari hili ili "kulisaidia lipoe" kunalipunguzia uwezo wa kupoa, na Toyota wenyewe wanakataza kuitoa hata injini ikiwa na tabia ya kuchemsha. Nikafunga mpya ya digrii 82. Maji ya bomba yaliyokuwa ya rangi ya kutu nikayamwaga, nikajaza kulanti, yale maji maalumu ya rejeta. Mfuniko mpya aliowekewa ulikuwa na alama ya shinikizo ya 0.9, ambayo ndiyo yake. Kwa shinikizo hilo maji hayachemki mpaka karibu digrii 118, kwa hiyo feni inayoingia 93 ina nafasi kubwa ya kufanya kazi yake kabla ya hatari.

Kipimo cha mwisho ni cha subira. Boneti imefunguliwa, injini inaunguruma bila kwenda, jua la mchana. Mshale ukapanda hadi chini kidogo ya nusu, ukatulia. Baada ya muda feni ikaingia yenyewe, bila mtu kuchomoa chochote. Ikapuliza, ikakata. Ikaingia tena, ikakata. Niliiacha ifanye hivyo mara nyingi huku nikifanya kazi nyingine, nikitazama mshale kila inapoingia. Haukusogea. Ufunguo ukazimwa wakati feni inazunguka, ikasimama, na nikasubiri kuhakikisha haiendelei.

Magari mapya kidogo hayafuati mpango huu, na mtu asichukue kipimo cha plagi akakipeleka kwenye kila gari. Toyota IST, Vitz na Corolla za NZE hutumia kompyuta ya injini kuamuru relei ya feni, kwa kusoma kipokea joto kilekile kinachopanga petroli. Huko ukichomoa kipokea joto, kwa kawaida kompyuta huiwasha feni kwa tahadhari na kuandika kosa, lakini anza kwa kusoma makosa kwa mashine. Magari mengine ya Ulaya yana kifaa kinachobadilisha kasi ya feni kidogo kidogo, na huko taa ya kupimia inaweza kukuharibia kitu. Kinachobaki vilevile kwa magari yote ni kile cha volti: moto upande mmoja, ethi upande mwingine, mota ikiwa inazunguka.

Juu ya sanduku la relei nilibandika karatasi ndogo nikaifunika kwa plastiki: relei ya feni, inakata ikipata umeme, usifunge ya kawaida. Mzee akaisoma, akauliza maana yake, nikamweleza na kumwonyesha kipimo cha plagi ili akiwa Kibaha aweze kukifanya mwenyewe. Sasa asubuhi akizungusha ufunguo na kusikia feni, atajua kuna jambo.